Nunua Ushahidi Kwanza, Spea Baadaye

Wasee, leo naongea na yule mtu ambaye gari lake lina ugonjwa wa kujificha. Ukiwa barabarani linakosa nguvu, linakata-kata, linakuaibisha mbele ya matatu. Ukilifikisha kwa fundi, linanguruma vizuri kama limetoka bandarini jana. Fundi analizungusha mtaani mara mbili, anarudi, anakwambia, "Mkubwa, hii gari iko fiti. Lakini tubadilishe plagi tuone." Mnabadilisha. Siku mbili baadaye ugonjwa uko palepale. "Basi itakuwa koili." Mnabadilisha koili. "Basi hapo ni pampu ya petroli." Na wewe unazidi kutuma M-Pesa huku ukiomba Mungu hii iwe ya mwisho.

Mchezo huu una jina: kubahatisha kwa pesa za mwenye gari. Na simlaumu fundi peke yake. Anaombwa atibu ugonjwa ambao hajauona. Ni kama kumwambia daktari, "Juzi usiku nilikuwa na homa," na hakuna aliyekupima usiku huo. Ndiyo maana msimamo wangu ni huu: kabla hujanunua spea ya pili, nunua kitu cha kurekodi injini ikifanya kazi. Na unapokichagua, usihesabu kina vitufe vingapi. Uliza swali moja tu: siku ugonjwa utakapotokea, hiki kifaa kitakuwa macho?

Msimbo ni kama OB namba

Watu wengi wakisikia "kupima gari na mashini" wanafikiria misimbo, zile herufi na namba kama P0171 ama P0300. Skana ya kawaida kazi yake kubwa ni hiyo: kusoma misimbo na kuifuta. Ni kazi nzuri, lakini tuielewe. Msimbo ni kama OB namba ya kituo cha polisi. Unathibitisha kuna kitu kiliripotiwa. Haukwambii mwizi ni nani.

Chukua P0171. Maana yake ni kwamba kompyuta ya gari imeona injini inapata hewa nyingi kuliko petroli. Haisemi kwa nini. Inaweza kuwa mpira uliopasuka na kuvuta hewa ya wizi, sensa ya hewa iliyochafuka, pampu iliyochoka, chujio la petroli lililoziba, hata ekzosi inayovuja karibu na sensa ya oksijeni. Sasa kuna watu wakiona msimbo huo wanakimbilia kubadilisha sensa ya oksijeni, kwa sababu ndiyo iliyoripoti. Manze, hiyo ni kumfuta kazi askari aliyepiga filimbi.

Loga ni kitu tofauti. Loga inaandika: mizunguko ya injini, joto, hewa inayoingia, petroli inayoongezwa ama kupunguzwa, volti, mwendo wa gari. Inaandika sekunde baada ya sekunde, na kila mstari una saa yake. Kama msimbo ni OB namba, loga ni CCTV. Ugonjwa ukitokea ukiwa unapanda mlima saa kumi na mbili jioni, kesho asubuhi unaweza kurudi kwenye dakika hiyo hiyo na kuangalia ni namba gani ilianza kuteleza kabla ya nyingine.

Na hapo ndipo siri ya kuchagua inapoanzia. Kama shida yako ni taa ya injini inayowaka na kubaki imewaka, skana ndogo inatosha, usiharibu pesa. Lakini kama shida inakuja na kuondoka, skana haitakusaidia sana. Unahitaji kitu kinachorekodi.

Soketi kuingia si kuelewana

Chini ya dashibodi, karibu na magoti ya dereva, kuna soketi ya matundu 16. Hiyo ndiyo OBD. Marekani walilazimisha mfumo wa OBD-II kwa magari ya modeli ya mwaka 1996 na kuendelea. Ulaya wakafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001, na ya dizeli miaka michache baadaye. Ndiyo maana ukisoma maelezo ya kifaa chochote utaona "kinafanya kazi na gari lolote la baada ya 1996."

Sasa simama hapo. Hiyo sheria ni ya Marekani. Sisi hapa Kenya tunaendesha magari mengi yaliyotumika Japani, yaliyotengenezwa kwa ajili ya Wajapani wenyewe. Gari la zamani la aina hiyo linaweza kuwa na soketi ya umbo lile lile, matundu yale yale 16, lakini linaongea lugha ya kampuni yake. Kifaa kinaingia vizuri, taa yake inawaka, halafu simu inakwambia haiwezi kuunganishwa na gari. Soketi imekubali, kompyuta imekataa.

Magari ya miaka ya karibuni yana afadhali. Kuanzia modeli ya 2008, magari yote mapya ya Marekani yalitakiwa kutumia mtandao unaoitwa CAN, na watengenezaji wa Kijapani nao wameueneza kwenye magari yao ya nyumbani. Kwa kuwa sheria yetu inazuia kuingiza gari lililozidi miaka minane, ukinunua lililoingia karibuni, uwezekano wa kuelewana ni mkubwa. Lakini kama unamiliki kale kazee ka miaka ya tisini ama mwanzo wa 2000, usinunue kifaa kabla hujakijaribu kwenye gari lako wewe. Azima cha rafiki. Ama nenda dukani na gari. Muuzaji akisema "hiyo inashika gari zote, boss," mwambie sawa, tushuke basi tuione ikishika hii.

Na wenye haibridi, hii inawahusu zaidi. Ile orodha ya kawaida ya data inahusu injini. Hali ya betri kubwa haimo humo. Ukiwa na Aqua ama Fielder haibridi na unataka kujua kama seli za betri zimechoka, lazima programu yako iwe na namba za ziada za gari hilo. Uliza hilo kabla ya kulipa, si baadaye.

Mwendo wa kusoma ndio unaotofautisha

Kuna kitu wauzaji hawakitaji kabisa, nacho ni kasi ya kusoma. Fanya hesabu na mimi. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, hiyo ni mizunguko 50 kwa sekunde moja. Kwenye injini ya silinda nne, plagi zinawasha mara 100 kwa sekunde. Sasa kifaa kinachosoma mara mbili kwa sekunde kitaona nini? Kitaona mwelekeo: joto linapanda, petroli inaongezwa, volti inashuka. Hakitaona plagi moja iliyokosa kuwaka mara moja. Usiruhusu mtu akuuzie ndoto hiyo. Kwa ugonjwa wa aina hiyo fundi wa umeme anahitaji osiloskopu, na hiyo ni hadithi nyingine.

Pia elewa kwamba loga hizi za OBD zinafanya kazi kwa kuuliza na kujibiwa. "Joto?" Jibu. "Mizunguko?" Jibu. "Hewa?" Jibu. Ukichagua vitu 30 vya kurekodi, kila kimoja kitasubiri zamu yake, na utapata picha yenye mashimo. Ukichagua sita, picha inakaza. Kwenye magari ya zamani yanayotumia waya mmoja wa data, mwendo ni biti 10,400 kwa sekunde. CAN ya magari mengi inakimbia biti 500,000. Kwa hivyo hata kifaa kizuri kitakuwa na mwendo wa kobe kwenye gari la zamani, na hiyo si kosa lake.

Sasa tuongee kuhusu vile vidude vya bluetooth vya bei ya chini vinavyojaa madukani Luthuli Avenue, vimeandikwa ELM327. Jina hilo lilikuwa la chipu iliyotengenezwa na kampuni moja ya Kanada, Elm Electronics. Chipu ikaigwa, ikaigwa tena, na kampuni yenyewe ikafunga biashara mwaka 2022. Kwa hivyo maandishi ya ELM327 kwenye boksi leo si jina la mtengenezaji. Ni ahadi tu. Vingine vinatimiza, vingine vimepunguziwa amri ndani, vinakatika katikati ya safari ama vinashindwa lugha fulani za magari. Na nyingi zimeandikwa "v1.5", toleo ambalo kampuni yenyewe haikuwahi kulitoa. Jaribu kufikiria hilo unapoletewa stori ya "original".

Je, nasema usinunue cha bei ya chini? La. Kwa kusoma msimbo mara moja moja, kiko sawa. Kwa kurekodi safari ya saa mbili bila kukatika, mimi ningepanda ngazi moja juu, kwa vifaa kama OBDLink ama vLinker, ambavyo vinauliza haraka zaidi na havipotezi mawasiliano ovyo. Juu ya hapo kuna loga zinazojitegemea, zenye kadi ya kumbukumbu ndani, hazihitaji simu. Hizo ni nzuri kwa mtu mwenye magari kadhaa ya biashara, ambapo dereva ni mwingine na hutaki kumpa kazi ya kufungua programu kila asubuhi. Kisha ziko tableti za fundi, kina Launch na Autel. Hizo zinaingia hadi breki, eabegi na gia, na zinaweza kuamuru feni iwake ama pampu izunguke. Ni chombo cha kazi. Kama si kazi yako, mlipe mwenye nacho.

Namba sita zinatosha

Programu kama Torque ama Car Scanner zinaweza kukuonyesha geji nyingi hadi dashibodi ifanane na ya ndege. Tulia. Anza na sita.

Mizunguko ya injini, ili kila namba nyingine iwe na muktadha. Mwendo wa gari. Joto la maji ya injini: kwenye magari mengi, likishapata moto linatulia kati ya nyuzi 85 na 95, na likikawia sana kufika hapo, mshuku thamostati. Volti: injini ikiwaka, kwa kawaida ni 13.5 hadi 14.5, ikishuka 12 na kitu, alteneta haichaji. Hewa inayoingia. Na namba ya sita, ile ninayoipenda kuliko zote, ni marekebisho ya petroli.

Hii ya mwisho nielezee. Kompyuta ina ramani inayosema petroli kiasi gani iende na hewa kiasi gani. Ikiona hesabu haitoshi, inaongeza ama kupunguza kwa asilimia. Sifuri ni paradiso. Chini ya kumi kwenda juu ama chini, bado unaishi vizuri. Ikifika ishirini na juu, kompyuta inakulilia, hata kama taa ya dashibodi bado haijawaka. Na uzuri wake ni huu: ikiwa marekebisho yako juu gari likinguruma tu limesimama, halafu yanashuka ukikanyaga, shuku hewa ya wizi kwenye mipira. Ikiwa yako sawa gari limesimama, halafu yanapanda kadiri unavyobeba mzigo, shuku petroli isiyofika ya kutosha ama sensa ya hewa inayodanganya. Namba moja, sura mbili, magonjwa mawili tofauti. Skana ya misimbo haiwezi kukupa hiyo.

Na kuna jambo la kwetu ambalo video za ng'ambo hazikwambii. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ukiwasha swichi bila kuwasha injini, sensa ya presha ya hewa inasoma takriban kilopaskali 82 hadi 83. Mombasa utaona takriban 101. Injini ile ile, ikiwa Nairobi, inavuta hewa pungufu kwa karibu moja ya tano. Mtu akiangalia video ya jamaa wa Florida anasema "lazima isome 101," atabadilisha sensa nzima kabisa. Hata maji hapa Nairobi yanachemka karibu nyuzi 94 kwenye sufuria, si 100. Injini yako inaishi kwenye 90 kila siku. Kinachozuia maji yasichemke ni kulanti na presha inayoshikwa na kifuniko cha rejeta. Kwa hivyo kifuniko kilicholegea ni hatari zaidi kwetu kuliko Pwani. Jua namba za mahali unapoishi.

Gari likilala gereji, deni halilali

Nipe dakika moja niwape mfano, kwa sababu hapa ndipo niliona maana ya hii kitu. Binamu yangu anaendesha teksi ya app, Fielder ya 2014, ya mkopo. Kwa wenye gari za mkopo sihitaji kueleza: gari likilala gereji, deni halilali. Gari lilikuwa linakosa nguvu likipanda, hasa akirudi kutoka Naivasha kupitia Mai Mahiu kuelekea Rironi. Mjini lilikuwa poa. Taa ya injini haikuwahi kuwaka. Plagi zilishabadilishwa. Koili mbili zilishabadilishwa. Sasa aliambiwa pampu, na pesa ya pampu ilikuwa ni pesa ya rejesho la wiki hiyo. Mke wake alimuuliza swali ambalo hata mimi ningeuliza: "Na isipokuwa pampu?"

Tulichomeka loga, tukachagua zile namba sita, simu ikawekwa kwa kishikio, na safari iliyofuata ya Naivasha akaenda nayo. Alichorudi nacho kilikuwa jedwali refu la namba tu. Lakini ukilichora, linaongea. Gari limesimama: marekebisho ya petroli, asilimia 3. Barabara tambarare: 9. Kupanda, injini ikiwa mizunguko 3,500: 21. Joto limetulia, volti 14.1 mwanzo hadi mwisho. Kumbe gari lilikuwa linaumwa safari nzima, ila kompyuta ilikuwa inajikaza kufidia, haijafika kikomo cha kuwasha taa.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa watu hukosea. Hiyo sura haikutuambia "ni sensa" wala "ni pampu." Ilitupa washukiwa wawili na kuwaachilia wengine wote. Plagi, koili, thamostati, alteneta, nendeni nyumbani. Aliyeamua kati ya wale wawili alikuwa fundi. Alitazama mchoro, akanyamaza kidogo, akasema, "Ngoja nipime presha ya petroli kwanza." Akafunga geji kwenye laini, akakanyaga, presha haikushuka. Pampu ikaachiliwa huru kwa kukosa ushahidi. Akatoa sensa ya hewa, ilikuwa na utando wa vumbi. Ea klina ilikuwa ya bei nafuu isiyokaa vizuri, vumbi likipita pembeni. Akaisafisha kwa ile dawa yake maalum, akaweka ea klina inayokaa sawasawa. Safari iliyofuata tukarekodi tena: kupanda, asilimia 5.

Bei ya dawa na ea klina haikufika hata robo ya bei aliyoambiwa ya pampu. Lakini kilichonigusa si hesabu. Ni vile mazungumzo yalibadilika. Hakukuwa na mtu wa kubembelezwa wala wa kushukiwa. Watu watatu walikuwa wanaangalia mchoro mmoja.

"Fundi wangu haamini mashini"

Nasikia hii sana, na kusema kweli wana hoja. Fundi aliyekaa miaka ishirini Kirinyaga Road ana masikio ambayo hakuna kifaa kinachoyashinda. Anasikia beringi ya maji ikilia kabla hujazima redio. Pia ameona vijana wengi wa skana wanaosoma msimbo, wanafuta, wanachukua elfu moja, na taa inarudi kabla hujafika kwako. Anayo haki ya kudharau hilo.

Ila masikio yake hayakuwa Mai Mahiu saa kumi na mbili jioni. Loga ilikuwa. Kwa hivyo usiende kwake na mchoro kama wakili. Usimwambie "mtandao unasema." Mwambie, "Fundi, hii ndiyo gari ikifanya ile kitu. Wewe unaona nini?" Fundi mzuri atavuta kiti. Fundi ambaye hataki hata kutazama, na bado anataka deposti ya spea, huyo amekujibu swali lingine muhimu.

Mambo madogo yanayouma

Soketi ya OBD ina umeme wa betri kwenye tundu namba 16 hata ukizima gari. Kifaa kisichojua kulala kitanyonya betri polepole, na ukiacha gari wiki moja ukienda ushago, utarudi kuomba jampa. Nunua chenye uwezo wa kulala, ama zoea kukichomoa.

Kama unatumia iPhone, vile vidude vya bei ya chini vya bluetooth ya kizamani havitashikana nayo. Tafuta cha wi-fi ama bluetooth ya nguvu ndogo, na soma boksi kabla ya kulipa.

Hakikisha programu inakuruhusu kutoa rekodi kama faili la CSV, ulifungue kwa jedwali lolote. Rekodi inayofia ndani ya programu moja si yako. Na kama umewasha GPS, kumbuka faili hilo linaonyesha unapolala na unapofanya kazi. Usilirushe kwa grupu ya WhatsApp ya watu 200 kutafuta ushauri. Futa safu ya mahali kwanza.

Usiangalie geji ukiendesha. Rekodi, egesha, halafu usome. Hakuna data inayoshinda uhai wako.

Na usikimbilie kufuta misimbo. Ukifuta, unafuta pia ile picha ya hali ya injini iliyohifadhiwa siku kosa lilipotokea. Piga skrinshoti kwanza.

Hiyo inanipeleka kwa jambo moja la bure. Siku unanunua gari lililotumika, chomeka kifaa chako kabla ya kusifia rangi. Magari mengi yanatoa namba ya umbali tangu misimbo ifutwe. Ukiona kilomita 4, na gari limekuwa mkononi mwa mtu mwaka mzima, mwulize muuzaji kwa upole ni nini kilifutwa asubuhi hii. Angalia pia kama vipimo vya gari vya kujikagua vimekamilika ama vinasema bado. Gari lenye afya na lisilofichwa kitu huwa limeshamaliza vingi vyake.

Basi ningechagua nini?

Kama uko na gari moja la kawaida la miaka ya karibuni na ugonjwa unaokuja na kuondoka: kifaa cha bluetooth cha daraja la kati, chenye kulala, programu inayotoa CSV, namba sita. Kama gari ni la zamani: jaribu kabla ya kununua, na usitarajie mwendo. Kama una magari ya biashara na madereva: loga yenye kadi yake. Kama unafungua gereji: tableti, na mafunzo ya kuitumia, kwa sababu tableti bila mafunzo ni skana ya bei ghali.

Na usisubiri gari liugue. Rekodi safari moja sasa likiwa zima: dakika tano limesimama, dakika kumi mjini, kilima kimoja. Weka faili hilo mahali salama, andika tarehe na kilomita. Siku litakapokata-kata, utakuwa na kitu ambacho wenye magari wengi hawana, yaani picha ya gari lako likiwa na afya njema. Utaweka michoro miwili pamoja na utajua ni mstari upi ulihama.

Wikendi hii, inama tu chini ya usukani utafute soketi iko wapi. Halafu niambie ni gari gani, la mwaka gani, na linasumbua ukifanya nini. Ukinitajia hayo matatu, tutakuwa tumeshaanza kupima.